Sweta la Laptop

"Mdomo wako haujamaliza kusema, vidole vyangu vimeshamaliza kuandika! Na kazi yangu haijawahi kuchelewa!"

Aliyasema hayo harusini, kipaza sauti mkononi, baada ya wageni kuombwa wajitambulishe kwa ufupi. Watu wakapiga vigelegele, na tangu siku hiyo jina lake likawa Haichelewi.

Kazi yake ni kusikiliza vikao vilivyorekodiwa na kuviandika neno kwa neno, vikohozi vikiwemo. Mteja wake mkubwa ni wakili mmoja, ambaye wiki hiyo alimpa kikao cha ndugu watatu wanaogombea nyumba: saa sita za kutukanana. Kazi ilitakiwa Ijumaa asubuhi, kabla ya kesi. Akikosa, wakili anatafuta mchapaji mwingine.

Laptop nayo ikachagua wiki hiyo hiyo kuganda. Anachapa ukurasa, mshale unasimama tuli. Anabonyeza hiki, anabonyeza kile, kioo kinamkodolea macho kama mtoto aliyeulizwa nani kamaliza sukari. Anaizima kwa nguvu, anaiwasha, nusu ya matusi ya watu imepotea.

Akaipeleka kwa mdogo wa mumewe, fundi mwenye kibanda nyuma ya benki. Wateja wanamwita Restati, maana kurestati, yaani kuzima na kuwasha upya, ndiyo dawa yake kwa kila ugonjwa.

"Umerestati?"

"Shemeji, leo usinichokoze."

Restati akafuta virusi, akaweka Windows upya, akaiacha icheze video kutwa nzima. Haikukwama hata kidogo. Kufika nyumbani, ikaganda kabla chai haijapoa. Akairudisha kibandani, ikapona njiani.

"Labda inakuogopa wewe."

"Ungeniogopa wewe kidogo, ingekuwa imeshapona!"

Alhamisi mchana ikaganda tena, kaka mkubwa wa wale ndugu watatu akiwa katikati ya tusi. Haichelewi akapiga simu. "Njoo hapa sasa hivi. Na ole wako uniulize kama nimerestati."

Sebule ile kila kitu kimevaa. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata jagi la maji lina kofia, vyote vimefumwa na mama mkwe, ambaye mikono yake haijui kukaa bure. Laptop nayo alikuwa ameifumia sweta jekundu lililoibana vizuri, likaacha kioo na vitufe tu. Haichelewi akitoka nayo huivua, sweta lisichafuke. Akirudi, mama mkwe huivalisha.

Restati alipofika akapitisha kiganja chini ya laptop, akakitoa mbio.

"Hii imevaa nini?"

"Sweta," mama mkwe akajibu kutoka kwenye kochi, kwa fahari. "Vumbi la humu si unalijua, mwanangu."

"Mama, huku chini ndiko inakopumulia. Mmeiziba pua!"

Akafungua skrubu. Feni ilikuwa imemeza manyoya mekundu kidogo kidogo, na leo imekwama na kuungua kabisa.

Masikio ya Haichelewi yaliwaka moto. Mama mkwe hatukanwi, kwa hiyo zigo lote likamwangukia Restati. "Fundi mzima! Siku zote hizo hukufungua hata skrubu moja?"

"Ungeniletea imevaa ningeona!"

"Basi msigombane," mama mkwe akasema. "Nitaifumia jingine lenye matundu."

Hapo ndipo Haichelewi alipochukua mkasi kwenye kikapu cha nyuzi, akalikata sweta toka ukingo hadi ukingo.

"Hiyo kazi yangu ya mwezi mzima!"

"Na hii ndiyo yangu, mama."

Hakuwahi kumjibu mama mkwe hivyo tangu aolewe. Restati akajifanya anatafuta skrubu chini ya meza.

Feni nyingine isingepatikana kabla ya Jumamosi. Haichelewi akampigia wakili, akaomba siku moja tu.

"Kesi hainisubiri mimi, itakusubiri wewe?" wakili akasema. "Nitumie ulichonacho, kilichobaki atamalizia mwingine. Usijali." Alilitamka hilo la mwisho kwa upole, kama mtu ambaye hatapiga simu tena.

Feni mpya ni shilingi elfu thelathini na tano, na pesa ya kuinunua ingetoka kwa wakili huyo huyo.