Chura wa Bati na Funguo za Mama Mkwe

Siku mume wangu alipozikwa, ndugu zake walichukua baiskeli, redio, kitanda, hata kioo chake cha kunyolea. Walimwacha chura wa bati tu, kwa sababu walidhani ni mchezo wa watoto. Alikuwa mdogo wa kukaa kiganjani. Ukimbonyeza tumbo, analia "tik". Marehemu alipewa chura huyo na Mzungu mmoja, mke wa injinia, ambaye marehemu alimfanyia kazi ya bustani kabla hajapata kazi bandarini. Mama yule alifundisha mbwa wake kwa sauti hiyo, bila fimbo, na mume wangu akajifunza ufundi wote kwa kutazama.

Nikamfunga chura kwenye ncha ya kitenge changu cheusi, na mimi nikaanza kufungwa. Katika ukoo ule mjane hatoki nje ya lupango, yaani ua wa nyumba, mpaka siku ya kutoa matanga. Siku hiyo ndugu wa marehemu humvisha kitambaa cha rangi mbele ya watu. Akikipokea, basi amekuwa mke wake. Akitoroka kabla, anaitwa mchawi aliyemla mumewe. Ndugu mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mchuuzi wa chumvi mwenye koti la abakosti linalombana tumbo na wake waliokwisha kumchoka. Mimi nilishaamua: heri niitwe mchawi kwetu Zongwe kuliko mke wa mtu yule Kalemie. Boti za Zongwe zilikuwa pale chini ziwani. Nilisikia mota zao nikichambua maharagwe.

Kilichonizuia ni mbwa. Shemeji alimfunga kwa mnyororo kando ya mlango wa ua, akampiga, akamlisha bukari, ugali wetu, yenye pilipili ili awe mkali, kama wengi walivyofanya mjini kwetu.

"Hii mbwa njo gendarme yangu," alipenda kuwaambia wageni, yaani ndiye askari wake.

Baada ya chakula cha mchana, wengine wakiwa sokoni, mama mkwe alilala kwenye mkeka barazani. Nikisogea tu mlangoni, mbwa alibweka mpaka povu linamtoka, na mama mkwe anafumbua macho.

"Unaenda wapi, mama?"

"Nafagia tu, Mama."

Nikaamua kumfundisha mbwa kunyamaza. Marehemu alisema mbwa aijue sauti kwanza. Basi nikawa naketi mbali, nabonyeza tik, namtupia ndakala mmoja, dagaa wetu wa ziwani. Tik, ndakala. Alipoanza kugeuka na kujilamba kila akisikia tik, nikaanza kumngoja. Akikata kubweka, hata kwa kuvuta pumzi tu, tik, ndakala. Sauti inapaswa kumkamata palepale anapofanya vizuri. Mimi nilichelewa mara nyingi, nikapata upuuzi wangu: mbwa akajifunza kubweka mara moja, kunyamaza, kisha kunitazama akidai samaki wake. Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu kilio. Nikaanza upya, nikibonyeza kabla hajafungua mdomo.

Kidogo kidogo akajua kulala juu ya gunia kuukuu la chumvi wakati mimi napita. Pilipili nilikuwa naitupa, na vidonda vya shingo nilimwosha. Shemeji alipoona ametulia alimfungua mnyororo, akajisifu kwamba fimbo yake imemtia adabu.

Lilibaki somo la mwisho. Zamani, tukiwa tumeketi nje na mbwa wa jirani, mume wangu aliniambia: "Akishajua, usimupe kila mara. Leo umupe, kesho umunyime. Ile njo inamufunga kupita munyororo."

Nikafanya hivyo. Ikawa kweli. Hata mlango ukiwa wazi, mbwa hakuondoka kwenye gunia lake.

Sasa niseme habari za mama mkwe. Hakunipiga hata siku moja, na afadhali angenipiga. Alikuwa na sanduku la bati, na funguo zake alizifunga kiunoni kwa uzi. Nilipoacha kulia kwa sauti, funguo zililia, sukari ikatoka sandukuni. Nilipoacha kutaja Zongwe, funguo zikalia, nikapata sabuni ya kunukia. Nilipommiminia shemeji maji ya kunawa bila kununa, funguo, na maziwa ya unga. "Uko mutoto muzuri," ananiambia. Mwanzoni ilikuwa kila mara. Baadaye siku nyingine ananipa, siku nyingine anapita kama hanioni, nami nashinda nikijiuliza nimekosa nini.

Mchana mmoja kila kitu kilikuwa tayari. Mama mkwe amelala, mlango uko wazi, kifurushi changu kiko kwapani. Nilipita mbele ya mbwa, hakutikisa hata sikio. Nikaushika mlango. Nyuma yangu mama mkwe akajigeuza usingizini, funguo zikalia kiunoni.

Nikarudi. Nilijikuta nimesimama mbele ya mkeka wake, mikono nimeikutanisha, mate yamenijaa mdomoni. Mwenyewe anakoroma. Mbwa alikuwa ananitazama kutoka kwenye gunia lake, naye hana mnyororo, nami sina. Nilikaa chini kwa hasira na aibu. Katika ua ule kulikuwa na fundi mkubwa kuliko mimi, maana yeye hakuchelewa hata mara moja.

Mtu atasema, basi ulipojua si ungeondoka? Kujua hakukunisaidia kitu. Kila siku nilisema kesho, kwa kuwa kesho huenda akatoa sukari. Hivyo ndivyo nilivyofikishwa siku ya kutoa matanga.

Ua ulijaa watu na pombe ya mahindi. Niliketi chini na nguo zangu nyeusi. Mama mkwe akaenda kwenye sanduku, funguo zikalia, akatoka na kitambaa chekundu chenye maua, kizuri kupita chochote nilichowahi kuvaa. Akampa shemeji. Shemeji akakikunjua.

"Inuka, shemeki."

Nilikuwa nimekwisha kuinuka, tangu zile funguo. Miguu yangu haikuniuliza. Basi kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikatembea, ila kwa upande wa mlango. Watu walidhani naenda kujisaidia. Shemeji ndiye aliyeelewa kwanza.

"Kamata!" akamwambia mbwa.

Mbwa alibaki juu ya gunia, kimya kama nilivyomfundisha, akinitazama. Nikafungua fundo la kitenge, nikabonyeza. Tik. Samaki sikuwa naye. Akainuka akanifuata, pua yake mkononi mwangu, akitafuta haki yake, na watu waliojua meno yake wakatupisha njia. Hakuna aliyethubutu kunishika. Shemeji alibaki na kitambaa mikononi, akitukana.

Ziwani niliomba ndakala kwa akina mama waliokuwa wakianika samaki mchangani, nikampa mbwa wangu kiganja kizima. Aliingia botini mwenyewe.

Kule Zongwe wengine waliniita mchawi, kama nilivyotarajia, nikazoea. Mbwa alizeeka kwetu, akafa akiwa mnene. Nyumba yangu naifunga kwa kamba, sitaki kufuli wala ufunguo ndani. Lakini Jumapili kanisani, padri akiwa katikati ya mahubiri, mtunza sakristia akitikisa funguo zake kule nyuma, mimi nainuka. Watu wote wameketi, nami nimesimama peke yangu, mate mdomoni, nangoja.