Injini Mbili za Shangazi

Mwezi uliopita nilishuka basi stendi ya Buzuruga, Mwanza, nikapanda teksi ya kunipeleka Mirongo. Tuliposimama kwenye foleni gari likawa kimya kabisa, nikadhani limezimika. Dereva akaniambia ndivyo magari ya siku hizi yalivyo, mengine yanatembea kwa betri. Nilikuwa nimekwisha kuikumbuka pikapu ya shangazi, ambayo uliisikia kabla hujaiona.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, na sote tuliishi nyumbani kwake. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Alfajiri alikwenda mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, kupakia magunia ya dagaa ya akina mama wafanyabiashara, akayapeleka minadani upande wa Misungwi. Jioni alirudi, nami kazi yangu ilikuwa kupanda nyuma na kusugua bodi kwa ufagio na maji ya sabuni. Harufu ya dagaa haikunitoka mikononi hata ninawe kwa ndimu. Darasani wenzangu walinicheka, lakini nilikuwa msichana pekee aliyejua sauti ya pistoni iliyochoka.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea rafu tupu yakajaa, viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kutufikia. Kijana mmoja mfanyabiashara akaleta pikapu nyekundu iliyong'aa, akawaambia akina mama mwaloni kwamba gari la shangazi litawafia njiani na dagaa wao wanyeshewe. Wengine wakahamia kwake. Bodi likaanza kurudi bila hata gamba la samaki, sikuwa na cha kusugua.

Vijana wenye magari walikuwa na mchezo wao Jumapili asubuhi, kwenye kipande cha barabara kilichonyooka kupita Usagara. Magari mawili yalisimama ubavu kwa ubavu, mtu akashusha kitambaa, na wa kwanza kufika kwenye kalavati ndiye mshindi. Siku moja shangazi akamfuata yule kijana mwaloni, mbele ya watu wote.

"Mwanangu, mwisho wa mwezi twende Usagara," akasema.

Kijana akacheka, kisha akaona yeye peke yake ndiye anayecheka. Akakubali.

Injini ya pikapu ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu, kwa hiyo shangazi akaipeleka kwa jirani yetu fundi, Mhindi ambaye hata babu yake alizaliwa Mwanza na aliyemsalimia shangazi kila asubuhi kwa Kisukuma: mwangaluka. Gereji yake ilinukia grisi na chai ya tangawizi. Pembeni, juu ya matairi, alikuwa ameweka injini ya silinda sita iliyokuja kwa treni, imetolewa kwenye gari lililogongwa. Baba alipoiona alisahau hata kukaa. Aliizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari.

"Dada, weka hii," alisema. "Yule mtoto hatakuona hata mgongo."

Fundi naye alikuwa upande wa baba. Nguvu ya injini hiyo, alisema, ni karibu mara mbili ya ile ya zamani. Shangazi akanywa chai yake polepole.

"Bodi likiwa tupu na kumenyesha, nikikanyaga mafuta kidogo tu matairi ya nyuma yanazunguka palepale," akasema. "Sasa niweke chuma kizito mbele, na nguvu mara mbili? Nguvu isiyoshika barabara ni moshi tu. Na Jumatatu nina mzigo wa kubeba."

Walibishana juma zima. Nilipenda mabishano yale kuliko hadithi yoyote, kwa sababu kila mmoja alimsikiliza mwenzake mpaka mwisho. Fundi ndiye aliyegeuka kwanza. Aliifungua injini ya zamani, akapitisha kidole ndani ya silinda, akasema chuma bado kizima; angezipanua silinda, aingize pistoni kubwa zaidi, na aweke kabureta mbili badala ya moja. Baba akataka silinda hedi, kile kifuniko cha juu, ichongwe sana ili injini ibane petroli zaidi. Fundi akakataa. Petroli tunayopata hapa, alisema, haitastahimili. Injini itagonga, na pistoni zitatoboka kabla ya Krismasi. Wakachonga kidogo tu. Baba mwenyewe alikaa siku nzima akisugua vali kwa mkono, na sikumsikia tena akiitaja silinda sita.

Jumapili ile akina mama wa mwaloni walikuja na vitenge vyao vya kanisani, wakajipanga kando ya barabara. Kitambaa kiliposhuka, pikapu nyekundu ilinguruma na kufunikwa na moshi wa matairi yake. Shangazi alikuwa ameshaondoka. Nilimsikia akibadili gia, ya pili, ya tatu, bila kukwaruza. Kijana alikuja nyuma kwa kasi ya kutisha, akamfikia usawa wa mlango, na hapo wakawa wamefika kwenye kalavati, shangazi mbele. Baba alikaa chini kwenye nyasi akalia, na suruali yake nzuri.

Kijana alishuka, akaja moja kwa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba nione injini."

Shangazi akafungua boneti. Kijana aliinama muda mrefu. "Ni ileile?"

"Ni ileile. Tumeitunza."

Tulikula sato na ugali pale Usagara, sahani moja na kijana yule, na fundi akimweleza habari za matairi. Baada ya hapo baadhi ya akina mama walirudi kwa shangazi, na mzigo wa mwaloni ukawatosha yeye na kijana wote wawili.

Kwenye gereji ile sasa wanauza simu. Fundi alihamia kwa watoto wake ng'ambo, na baba na shangazi wote wametangulia. Magari yamejaa mjini, mazuri na yenye nguvu, na mwenye pesa hununua lililo tayari, likiharibika akanunua jingine. Sioni tena watu wazima watatu wakiinamia chuma kimoja juma zima, kila mmoja akitaka kushinda, na hakuna anayetaka mwenzake ashindwe.