Taa Alizozikataa Baba

Baba yangu hanipendi na mimi simpendi, na watu wote wa juu ya Kikatiti wanalijua hilo. Nilipoachika nikarudi nyumbani na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, alisimama mbele ya ukoo akasema ng'ombe wa mahari alishawala, hawezi kuwatapika. Kisha akanionyesha chumba cha nyuma, kinachopakana na zizi. Nikaingia. Ningekwenda wapi? Miaka mitano tukaishi kwa shikamoo ya asubuhi na marahaba ya kuguna, na katikati yake amri tupu.

Lakini nilimhitaji, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Nina kibanda cha supu na chapati Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, na wateja wangu ni watu wa alfajiri. Ikifika saa kumi na moja supu haijachemka, wanahamia kwa jirani na hawarudi. Kwa hiyo mimi hutoka nyumbani saa tisa usiku, mtoto akiwa bado amelala. Mwaka ule alikuwa ameanza darasa la kwanza, na shule yake iko ng'ambo ya lami, kilomita kadhaa kuelekea mjini. Gari la shule halipandi mpaka kwetu. Basi aliyempeleka ni babu yake, kila siku saa kumi na mbili kasoro, kwa gari lile kuukuu alilolinunua nikiwa darasa la tatu. Alikuwa bwana shamba enzi hizo, na mpaka leo anaongea na watu kana kwamba wote ni miche iliyopandwa vibaya.

Mwezi wa sita ukungu ukashuka kutoka mlimani kama kawaida yake, ule unaokuficha hata migomba ya jirani. Jioni moja baba akaniita akasema taa za gari zimefifia, na kwa kuwa mimi nashinda mjini, nilete globu mpya za taa kubwa. Hakusema tafadhali. Hajawahi kulisema neno hilo kwangu, sijui kwa wengine.

Globu za gari la zamani huchagui kwa kukisia. Unachomoa ile iliyomo, unaifunga kwenye kitambaa, unaipeleka dukani wailinganishe. Mimi nilikwenda kwa Mangi mmoja mwenye duka la spea nyuma ya kibanda changu. Sisi wote humwita Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wote wa kwao Kilimanjaro, na yeye haitiki mpaka amalize anachofanya. Aliigeuzageuza ile globu kwenye mwanga, akaniambia kioo chake kimeshaungua, ona weusi huu. Akanipa mbili za kawaida, za miguu mitatu, akanionya nisiziguse kioo kwa vidole, kwa sababu mafuta ya mkono yakipata moto hupasua. Niliporudi nyumbani nikamkabidhi baba, nikamweleza. Akaichukua ya kwanza akaishika kioo kwa vidole vyote vitano, akinitazama usoni. Ipasuke basi, nikasema moyoni.

Haikupasuka. Siku mbili baadaye akaniambia nimemletea takataka, nimetafuta za bei chee ili nimkomoe, hazimuliki hata pua ya gari. Nikarudi kwa Mangi na hasira zangu. Akanisikiliza, akasema kama tatizo ni ukungu, achukue za njano, mwanga wa njano unapita chini ya ukungu na haumrudii dereva machoni. Nikachukua za njano. Baba aliziwasha mara moja tu akasema nimemfungia vibatari. Alitaka zile nyeupe kali wanazofunga vijana, zinazowaka mpaka mtu anajikinga kwa mkono. Alisema mwenye macho haambiwi tazama, yeye anaona globu mbovu akiiona. Msemo huo alikuwa nao tangu nikiwa mdogo, na mara zote alinipiga nao.

Mara ya tatu Mangi alikataa kuniuzia. Mtu wa duka kukataa kuuza, jamani, nilidhani amechoka nami. Akasema hizo nyeupe zimetengenezewa taa za aina nyingine. Ukizitia kwenye taa za gari la zamani, mwanga unatawanyika ovyo, na kwenye ukungu dereva anajiwekea ukuta mweupe mbele ya macho yake mwenyewe, huku anampofua anayekuja. Zenye nguvu zaidi nazo zitayeyusha soketi, nyaya zile ni za zamani. Kisha akaniuliza baba ana miaka mingapi. Nikamwambia sabini na nane.

"Dada, mimi naona umeshanunua taa za kutosha," akasema. "Weka ile mbovu upande mmoja na hii nzima upande wa pili, umwulize ipi mpya. Akikosea, usirudi kwangu. Mpeleke akapimwe macho."

Jumapili sifungui kibanda. Alfajiri ile, kabla ya ibada ya kwanza, nililikuta gari limeelekezwa kwenye ukuta wa zizi. Kushoto nikafunga globu ya zamani iliyoungua, kulia nikafunga mpya ya kawaida. Nikawasha. Upande wa kulia ungeweza kuhesabu matofali. Upande wa kushoto palikuwa na doa tu, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Nikamwita baba, nikamwambia nimebadilisha, aniambie ipi ndiyo mpya.

Alisimama kando ya gari. Akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande. Halafu akaonyesha kushoto.

"Hiyo," akasema. "Hata mtoto anaona."

Nilifurahi. Ningeweza kuandika kwamba nilimwonea huruma, lakini sikumwonea. Nilisimama pale kwenye baridi, ng'ombe wanapumua nyuma ya ukuta, na furaha ikanipanda mpaka kooni kwa sababu yule mtu asiyekosea kamwe alikuwa amekosea mbele yangu, na hakujua. Nikasema, ndiyo baba. Nikazima taa. Kesho yake kabla sijaondoka nikarudisha globu nzima pande zote mbili, nikajiona nimefanya la maana.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini sikumwambia papo hapo. Kwetu mtoto hamwambii baba kwamba amepungukiwa. Sikio halipiti kichwa. Neno la namna hiyo hupelekwa na mtu wa rika lake, aliyetahiriwa naye mwaka mmoja, ambaye anaweza hata kumtukana wakaishia kucheka. Mwenzake wa rika aliyebaki hai ni mmoja tu, anaishi Kikwe, kule chini kwenye mahindi. Nilimfuata na kilo mbili za sukari na majani ya chai, maana mkono mtupu haulambwi. Nikamwamkia, nikamweleza yote, naye akatikisa kichwa akasema nimefanya vizuri kuja kwake. Angekuja Jumapili. Jumapili ikapita, akatuma salamu kwamba anavuna. Ya pili ikapita, mgongo unamsumbua.

Na mtoto aliendelea kupanda gari. Kila siku. Nilijiambia baba anaijua barabara ile hata akifumba macho. Nilijiambia nikikosa kibanda wiki mbili wateja watanisahau, na ada ya shule italipwa na nani? Nilijiambia hajawahi kupata ajali tangu alinunue gari lile. Yote hayo yalikuwa kweli. Na liko la nne ambalo sikujiambia kwa sauti, nalo ni hili: nilitaka aumbuliwe. Nilitaka aambiwe huoni, mbele yangu, na mtu ambaye hawezi kumfokea, nami nikiwa nimesimama pale na birika mkononi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka mitano, nikaona siwezi kuiharibu kwa pupa.

Jumapili ya tatu mzee wa Kikwe akafika kwa bodaboda, amevaa koti la kanisani na kofia. Nikapika chai ya maziwa, nikawaandalia uani. Mwanangu alikuwa kwenye mkeka pembeni anachora kwenye daftari. Wazee waliongea habari za mvua, za mchungaji mpya, za nani amezikwa wapi. Nikajaza vikombe mara ya pili. Ndipo yule mzee akaweka kikombe chini akasema bila kuzunguka kwamba amesikia mwenzake haoni tena, na kwamba mtu asiyeona haendeshi gari, aliuze au alifunge.

Baba alicheka. Akasema aliyeleta maneno hayo anamjua, yuko nyuma yake ananuka vitunguu. Akasema yeye kila asubuhi anakwenda shuleni, anavuka lami yenye malori na mabasi, anarudi, hajagusa hata kuku wa mtu. Kama ni kipofu, basi ni kipofu wa ajabu.

Mwanangu hakuinua hata kichwa kwenye daftari.

"Babu hawezi kugonga," akasema. "Mimi namwambia."

Yule mzee akamwuliza anamwambia nini. Akaeleza vizuri, kama mtoto anayejibu swali la mwalimu. Yeye hukaa kiti cha mbele, amekunja miguu ili awe juu. Akisema lori, babu anasimama. Akisema sawa, babu anakwenda. Akisema kushoto kuna mtu, babu anavuta usukani kulia. Kurudi, babu haendeshi mpaka jua litoke. Anakaa garini nje ya geti la shule. Na babu alimwambia hiyo ni kazi yao wawili, asimwambie mama, mama atanuna.

Birika niliiweka chini, sijui niliiweka wapi. Miaka yote ya marahaba ya kuguna ilinitoka mdomoni kwa mkupuo mmoja. Nilimwita baba yangu muuaji. Nilimwambia amemfanya mtoto wa miaka sita kuwa macho yake kwa sababu ya kiburi, kwamba afadhali angekufa yeye na gari lake peke yao korongoni. Nilisema mbele ya mtu wa rika lake, mbele ya mtoto, kwa sauti ya kusikika kwa majirani. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kumwambia baba yake hivyo, na kama yupo, sijamsikia. Mzee wa Kikwe alitazama viatu vyake.

Baba hakufoka. Alikaa, mikono juu ya fimbo, uso ameuelekeza kule ninakosimama lakini si kwangu hasa, kando kidogo. Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Ile Jumapili ya taa. Ulikuwa unanipima?"

Nikamwambia ndiyo.

"Nilikosea?"

"Ulikosea."

"Hii ni Jumapili ya ngapi?"

Nikamwambia ya tatu.

"Mimi nilikuwa sijui nimepofuka kiasi gani," akasema. "Wewe ulijua. Na mtoto ukaendelea kunipa."

Kibanda, ada, wateja, mila, mgongo wa mzee wa Kikwe, vyote vilikuwa tayari kwenye ulimi, nami nikainama kutafuta birika. Yule mzee akaomba kofia yake akaondoka bila kumaliza chai.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji, sasa ananiona, na bado hanipendi. Gari liko uani, taa zake nzima kabisa, kuku wanalala chini yake. Hatujawahi kulizungumza tena jambo lile, na sidhani kama tutalizungumza.

Jumatatu, kesho yake baada ya maneno yale ya uani, sikwenda Kaloleni. Nilimshika mwanangu mkono tukashuka kwa miguu, ukungu umejaa njia nzima, maji yanadondoka kwenye migomba. Nilitembea haraka kwa sababu nilikuwa bado napigana na baba kichwani, namtafutia jibu ambalo sikuwa nalo jana yake. Tulifika kwenye lami. Nikasikiliza, sikusikia kitu, nikainua mguu.

"Simama, lori," mwanangu akasema, kwa ile sauti tulivu ya mtu aliyezoea kazi yake.

Nikasimama. Likapita. Tulibaki pale pembeni, mkono wake umenishika, nami sikuthubutu kusogea mpaka aliposema sawa.