Maji Nyuma ya Mama

Kompyuta yangu ilikuwa imechoka. Nilikuwa naiwasha asubuhi, naenda kuchemsha chai, narudi na kikombe mkononi, bado haijaamka. Kazi yangu ni kutafsiri hati za watu, Kirundi kwenda Kifaransa, Kifaransa kwenda Kiswahili, na mteja hangoji mashine inayosinzia. Nikaipeleka Bujumbura kwa fundi mmoja, mtu mzima mwenye maneno machache. Akatoa diski ya zamani, akaweka mpya.

"Sasa itakimbia, madamu," akaniambia. "Vitu vyako vyote nimevihamisha."

Kweli ilikimbia. Nilipofika nyumbani Rumonge, hati zangu zote zilikuwa mahali pake. Lakini nilipofungua programu ya barua pepe, iliniuliza jina langu kama mtu asiyenijua. Kisha ikanionyesha ukurasa mweupe. Hakuna barua hata moja.

Barua za kazi hazikuniuma sana. Zilizoniuma ni za kaka yangu. Alikwenda Kanada mimi nikiwa bado shuleni, na huko anafanya kazi usiku, analala mchana, kwa hiyo simu zetu zilikuwa hazikutani. Tukazoea kuandikiana. Kila barua yake ilimalizika kwa ombi moja: "Nitumie picha za nyumbani." Nami nilituma, miaka na miaka. Simu nilizopigia picha hizo hazipo tena. Moja iliibwa sokoni, nyingine ilizama kwenye ndoo ya mawese. Picha zilibaki ndani ya barua tu, na barua zilikaa ndani ya kompyuta.

Nikampigia fundi.

"Barua zinakaa mu folda iliyofichika," akasema. "Mimi sikuiona. Ile diski ya zamani umeitupa?"

"Hapana, iko mu droo."

"Imana ishimwe," akamshukuru Mungu. "Nunua kasha lake, uichomeke kama flashi. Nitakuelekeza."

Siku iliyofuata, mchana, nilikaa mezani na simu sikioni huku yeye akiniongoza: onyesha mafaili yaliyofichwa, ingia hapa, shuka pale. Nikaikuta folda yenye jina la herufi zisizo na maana. Nikainakili, nikaibandika kwenye diski mpya, nikafungua programu tena. Barua zikaanza kumiminika. Nilimshukuru fundi, murakoze, murakoze cane, hadi akacheka akakata simu.

Zilikuja zimepangwa kinyume na nilivyozoea, za zamani kabisa zikiwa juu. Sikujua namna ya kuzigeuza, na sikuona shida. Nikaanza na ya kwanza.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Waswahili, upande wa chini. Baba aliijenga kwa biashara ya mawese kabla hajafariki. Nyuma ilikuwa na baraza inayotazama ziwa, na ng'ambo, siku za anga safi, milima ya Kongo. Mama alikuwa hakubali kupigwa picha ndani. "Ndani naonekana mugonjwa," alikuwa akisema. Kwa hiyo picha zote nilizompigia, tangu ya kwanza, zilipigwa pale barazani, yeye akiwa ameligeuzia ziwa mgongo.

Katika picha ya kwanza amevaa kitenge kipya na anacheka. Nyuma yake kuna ua, mpera, uzio wa matete, bustani ya jirani ya lengalenga, mchicha wa kwetu, njia ya miguu, mchanga mpana ulioanikwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mitumbwi iliyopinduliwa, na mbali huko, maji. Yalikuwa membamba kama uzi.

Nikafungua iliyofuata, na iliyofuata. Idd: mama na shangazi, na nyuma yao mitumbwi imesogezwa hadi kwenye njia. Mtoto wa binamu yangu amebebwa na mama: ndagala sasa zimeanikwa ndani ya bustani. Mama amepona malaria, amekonda, anashika kiti: bustani haipo. Uzio umelala upande. Kisha uzio haupo. Chini ya kila picha nilikuwa nimemwandikia kaka maelezo. Huyu ni fulani, amekua sana. Kitenge hiki ni kile ulichomnunulia. Kuhusu maji, hapakuwa na neno hata moja, langu wala lake.

Ziwa limejaa, hilo tulilijua wote. Tulilizungumza kama watu wanavyozungumza joto. Lakini sikuwa nimewahi kuliona likitembea. Pale mezani, picha baada ya picha, lilikuwa linamnyemelea mama yangu kutoka nyuma, naye anacheka tu.

Niligeuza kichwa nikatazama nje. Mpera ulikuwa umebaki gogo, na maji yalikuwa yanalilamba taratibu, bila mawimbi.

Mama akaingia akifuta mikono. "Barua za kaka yako zimerudi?"

"Zimerudi, Mama."

Akavuta kigoda. Nilitaka kumwonyesha nyuso tu, watoto, marehemu shangazi mkubwa. Hakuzitazama. Macho yake yalikuwa yanapita juu ya mabega ya watu.

"Rudisha ile."

Nikarudisha.

"Hapa mupera ilikuwa ingali na majani," akasema. "Endelea." Nikaendelea. Tulipofikia ile ambayo uzio umelala, akainua mkono. "Funga."

"Mama, ulikuwa unaliona?"

"Kila asubuhi. Nikitoka kutawadha, naangalia."

"Mbona hukusema?"

Alikunja na kukunjua pindo la kitenge. "Niliogopa. Nilisema mu roho yangu, nikitamka, itakuja haraka."

Jioni ile nilimtumia kaka picha zile zile alizokuwa nazo tayari, nikizipanga kwa mfuatano, bila maelezo. Hakujibu kwa barua. Alipiga simu, yeye ambaye hapigi.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Toeni vitu. Toeni leo, msingoje kesho."

Nikampa mama simu. Alisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hii nyumba aliijenga baba yako. Wewe hukutia hata tofali. Acha mvua ipite, tutazungumza." Akanirudishia simu, akaenda kuwasha makaa.

Mvua haikupita. Kwanza choo kilijaa kutoka chini, tukawa tunakwenda kuomba kwa watu wa juu. Kisha sakafu ya chumba cha nyuma ikaanza kutoa jasho. Ukipangusa, baada ya muda imelowa tena. Asubuhi moja tulikuta migomba ya jirani imekanyagwa na kulaliwa, na nyayo za kiboko zimekuja hadi ukutani kwetu, zikazunguka, zikarudi. Watoto wa mtaa waliacha kucheza upande wetu, na hakuna mtu mzima aliyewakataza.

Jirani huyo alikuwa mjane anayeanika na kuuza ndagala. Nilimuuliza kama atahama.

"Niende wapi?" akasema. "Tutangoja. Iko siku itarudi yenyewe. Zamani ilikuja, ikarudi."

Ukuta wake ulianguka mchana, saa ya watu kupumzika. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na mvua. Nilisikia kishindo kizito, kifupi, kama gunia limetuliwa. Tulipotoka, upande mzima wa nyumba yake haukuwepo, na kitanda chake kilikuwa kinaonekana kimetandikwa vizuri, maji yakiingia chini yake. Yeye alikuwa amesimama uani na beseni kichwani. Alitutazama kama mtu aliyekutana nasi njiani.

"Amahoro," akatusalimu.

Mama alimjibu. Akamshusha lile beseni, akamkalisha kwenye baraza yetu, akampa maji ya kunywa. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amekunja mkeka wake wa kuswalia, ameubana kwapani.

"Twende," akasema.

Tulihamia kwa shangazi yangu mdogo huko Kigwena, juu ya barabara, katikati ya michikichi. Mjane alikwenda kwa ndugu zake Nyanza-Lac. Tulichukua vitanda, vyombo, kompyuta, na mabati tuliyoweza kuyang'oa. Nilirudi mara moja tu kuitazama nyumba. Chumba nilichokuwa nikifanyia kazi kilikuwa na maji hadi dirishani, safi kabisa, na vidagala vilikuwa vinaingia na kutoka mlangoni. Sikupiga picha. Kaka naye hajaomba nyingine. Siku hizi ananiuliza habari za mvua.

Walisema kiangazi kikija ziwa litashuka. Kiangazi kilikuja, likashuka kidogo, likatulia pale lilipotulia.

Kila asubuhi mama hukaa kwenye ngazi ya shangazi akiwangoja akina mama wanaopanda na mabeseni ya samaki kutoka ufukweni. Hanunui kila siku, lakini huuliza kila siku. "Ziwa limefika wapi?" Nao humjibu: limekula pale tulipokuwa tunapakulia, limefika kwenye vibanda, jana limelala, leo limeamka.

Wiki iliyopita aliyetangulia kupita alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye hutupigia kelele tangu mbali. Siku hiyo alikuja kimya. Mama alimuuliza. Yule mama alitua beseni, akageuka, akakitazama kilima alichotoka kukipanda, kama mtu anayehakikisha kuwa maji hayamfuati. Kisha akajitwika beseni lake, akaendelea kupanda.