Mama, Taa ya Mbu na Debe la Damu

Nilikwenda Kibaoni, Ifakara, kumsalimia mama, nikamkuta mtoto wa kaka yangu amejikunja kwenye kochi, anaangalia tamthilia kwenye simu. Macho yamemtoka. Nikamuuliza kuna nini. "Shangazi," akasema, "kumbe serikali za wakubwa zinajua kabisa kwamba kuna viumbe wanatoka angani, ila zinatuficha tu." Mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakuinua hata uso. "Bado tu wanawaficha?" akauliza. "Tangu miaka ile?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, na kijana wa watu akatuona wote wawili hatuna akili.

Hajui kwamba viumbe hao walishafika Kibaoni kabla hajazaliwa, na nusura waondoke na jina la bibi yake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Televisheni mtaani kwetu ilikuwa moja tu, ya mwenye duka, mtu wa pwani aliyekuja Ifakara na mzigo wake wa khanga akaoa hukuhuku. Nyuma ya duka alijenga banda la mabati, akaziba madirisha kwa magunia, akaweka mabenchi na jenereta. Jumapili mchana sisi tulitoka kanisani, wengine walimaliza swala ya adhuhuri, wote tukakutana mle ndani. Nikifumba macho hata leo naisikia harufu yake, petroli, jasho na karanga za kukaanga. Kiingereza tulikuwa hatukijui, kwa hiyo mwalimu wetu alisimama kando ya televisheni na fimbo yake ileile ya shuleni, akatutafsiria. Mwalimu yule alikuwa fundi. Mzungu akisema neno moja, yeye alitoa hotuba, na hakuna aliyelalamika.

Siku hiyo ulikuja mkanda wa tamthilia ya mambo ya anga. Katika nchi moja ya baridi, watu walilala wazima wakaamka wamelegea. Wakishasinzia, taa ndogo inawaka miguuni pa kitanda, na viumbe wa angani wanawanyonya damu. Fundi redio mmoja akaigundua siri hiyo. Alipokwenda kuwaeleza wakubwa, akakuta wakubwa wenyewe ndio waliowakaribisha wale viumbe, na madaktari ndio wanaobeba damu kwenye vichupa. Kila aliyemwamini alikuwa mwenzao. Mkanda ukaisha fundi redio kafungiwa chumbani, hatujui kapona au hakupona. Tulitoka nje, jua linawaka, na hakuna hata mtoto mmoja aliyekimbia.

Sasa ngoja nikwambie kazi ya mama. Alikuwa kibarua wa watafiti wa malaria, ambao mtaani tuliwaita watu wa mbu. Jioni alizunguka nyumba za majirani akitundika mitego. Mtego ulikuwa kifuko cha kitambaa, kifeni kidogo, betri, na juu yake taa ndogo. Aliuning'iniza miguuni pa kitanda, mwenye kitanda akalala ndani ya chandarua, na mbu waliomfuata wakavutwa na ile taa wakaishia kwenye kifuko. Asubuhi mama alipita kuwakusanya. Na mara mojamoja watu wa mbu wenyewe walikuja kutoboa watu vidole, wakaondoka na damu kwenye vichupa.

Unaona mwenyewe mambo yalivyokaa. Taa ileile, miguuni palepale, na vichupa vilevile.

Hakuna aliyemwambia mama kitu, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Jumatatu jioni nyumba ya kwanza walimpokea vizuri, wakasema mtoto hajisikii vizuri, labda kesho. Nyumba ya pili walikuwa na wageni. Haikupita wiki, mitego ikaanza kurudishwa barazani kwetu tukiwa hatupo, taa zimefungwa matambara kama vile zingetukodolea macho. Kisimani wanawake walinyamaza mama alipofika. Shuleni nikaitwa mtoto wa mumiani, na hilo si jina la mchezo kwetu. Mumiani ni mnyonya damu. Mtu akishaitwa hivyo hachoti maji na wenzake, haombi chumvi kwa jirani, na akipita njiani anaweza kupigwa mawe. Nililia, nikamwomba mama aache kazi. "Nikiacha leo," akasema, "watasema kumbe kweli." Akaendelea kusonga ugali.

Jumapili iliyofuata mkanda uliwekwa tena, maana waliosimuliwa nao walitaka kuona kwa macho yao. Mama hakuwahi kukanyaga banda lile. Siku hiyo alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda kukaa benchi la mbele. Waliokuwa wamekaa pale wakahama, benchi zima likabaki letu. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alinyoosha mgongo, akatazama mbele.

Taa ilipowaka miguuni pa kitanda, banda zima likageuka kumwangalia yeye. Hata mwalimu aliacha kutafsiri.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya jirani yetu muuza vitumbua, mama wa Kingoni kutoka Songea. Wangoni na sisi Wapogoro tulitaniana, na mtani, kama ujuavyo, ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

"We Mpogoro!" alipiga kelele. "Kumbe miaka yote hii unatunyonya damu, na bado umekonda hivyo? Unaipeleka wapi? Au hao wenzako wa angani wanakunyima?"

Mtu mmoja akacheka kwa puani. Mama akageuka taratibu.

"Damu yako wewe Mngoni nani anaitaka? Imejaa mafuta ya vitumbua. Mbu wangu wakiinywa hawaruki, wanarudi nyumbani kwa miguu!"

Banda lililipuka kwa kicheko, mabati yakatetemeka.

"Basi leo jioni lete mtego wako kwangu," mtani akajibu. "Na uje na debe! Ukija na kichupa nakufukuza. Mimi nina damu ya debe!"

Baada ya hapo kila mtu akataka kusema lake. Mwanamke mmoja alidai mbu wakimuuma mumewe wataanguka, maana mle ndani ni pombe tupu. Neno lililonong'onwa wiki nzima sasa lilisemwa kwa sauti, mbele ya mama, na yeye akalijibu. Fundi redio alifungiwa chumbani kwa mara ya pili bila mtu kumjali.

Jioni ile mama alitundika mtego kwa mtani wake. Kesho yake asubuhi wanunuzi wa vitumbua walikuwa wengi mno, na nadhani wengi hawakuwa na njaa. Walimkuta amekaa mbele ya kikaango chake, mzima, anageuza vitumbua na kutangaza, "Ipo! Damu bado ipo!" Jioni hiyohiyo nyumba ya kwanza ikamwita mama arudi, na nyingine zikafuata.

Nasema bila haya kwamba najivunia. Kila ninapoona watu wamelala salama ndani ya chandarua chenye dawa, popote pale, najua sehemu ya maarifa hayo ilipatikana kwenye vitanda vya watu wa bonde hili la Kilombero, na baadhi ya mitego ilitundikwa na mkono wa mama yangu. Najivunia lile benchi la mbele. Sasa banda halipo, pamekuwa kibanda cha kuchaji simu, na mtoto wa kaka yangu anaogopa peke yake, waya masikioni, hana mtu wa kumpigia kelele kutoka nyuma.

Muuza vitumbua alifariki masika yaliyopita. Nilikuwepo msibani. Mtani ana kazi yake kwenye msiba, kumtania marehemu na kuwachekesha wafiwa, na mama, pamoja na magoti yake mabovu, alifika na debe tupu kichwani. Akapita katikati ya waombolezaji mpaka mlangoni, akalitua kwa kishindo.

"Mngoni! Debe hili hapa kama ulivyosema. Amka unipe damu yangu!"

Watu walicheka huku wanalia. Wafiwa wakamletea sahani ya wali, kama desturi inavyotaka, ndipo akakubali kuliondoa debe lake.

Tulirudi pamoja, mimi nimelibeba lile debe. Tulipofika nyumbani mama akakaa mlangoni, akavua viatu, akatazama upande wa nyumba ya jirani.

"Sasa," akasema, "nani atanitukana?"