Mtoto Aliyekuwa wa Wote

Kila kiangazi, ua wetu wa Ng'ambo ulinukia viazi vitamu vilivyochemshwa. Mama alivimenya vingali vya moto, akavikata vipande na kuvianika juu ya mikeka mpaka vikauke na kuwa matobolwa, ambayo tuliyatafuna miezi yote ya mvua. Ilikuwa harufu tamu na nzito, yenye moshi wa kuni ndani yake, na nyuki waliifuata kutoka sijui wapi. Nyumba zilizozunguka ua ule hazikuwa na uzio kati yake. Mtoto mwenye njaa aliingia jiko lililo karibu akapewa chakula. Aliyechafuka alikamatwa na mama yeyote akaogeshwa. Nililelewa hivyo, na hadi leo namshukuru Mungu kwa kila mkono ulionilisha.

Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tatu, aliletwa Sofia, mtoto wa marehemu mama yangu mdogo. Alikuwa hajafikia umri wa kuanza shule, lakini tangu mama yake azikwe alikuwa amekwisha kupitishwa kwa ndugu wa Urambo, wa Igunga, na wengine ambao hata Mama hakuwafahamu vizuri. Alishuka kwenye lori akamwamkia kila aliyemwona. Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani, na Sofia alipanda mapajani pa wateja na kuwaomba waondoke naye. Watu walimpenda mara moja. "Huyu kalelewa," alisema jirani yetu, Mama Zaina. "Hana ugeni kabisa!" Kwetu, mtoto anayetoa shikamoo bila kusukumwa ni sifa ya nyumba nzima, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo isipokuwa Mama. Yeye aliona kwamba Sofia akianguka halii wala hamtafuti mtu. Aliona kwamba akimkumbatia, mwili wa mtoto unakakamaa kama ubao. Aliona pia matobolwa yaliyofichwa chini ya mkeka wa kulalia, hata siku alizoshiba.

Kisha siku moja Sofia alishika mkono wa muuza asali aliyekuwa akipita, wakafuatana hadi mtaa wa Mtendeni, mbali na kwetu. Yule bwana alidhani ni mtoto wa huko. Aliporudishwa, Sofia alimtazama Mama kwa utulivu akamwambia, "Shikamoo." Alimwamkia Mama kama mgeni.

Baba alisema Sofia arudishwe Igunga kwa shangazi yangu. "Tutampoteza mtoto wa watu. Tutajibu nini?" Mama akamjibu, "Tukimpitisha na sisi, hatamwamini mtu tena." Baba hakuwa mkatili, aliogopa tu. Akakubali Sofia abaki mpaka mvua zianze.

Hapo Mama alifanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa ua ule aliyewahi kulifanya. Alipita kila jiko akiomba wasimlishe Sofia, wasimwogeshe, wala wasimbebe. Akija na njaa, wamwelekeze kwake.

"Unafikiri tutamtilia sumu?" Mama Zaina aliuliza.

"Sivyo, dada yangu. Amekuwa wa wote mno. Acha kwanza awe wa mtu."

"Haya, mwenye mtoto wa dhahabu! Basi na viazi vyako umenye mwenyewe."

Akamenya mwenyewe kweli. Wanawake waliozoea kukaa naye mkekani wakicheka walibaki milangoni kwao, na Mama akaujaza ukimya ule kwa nyimbo za kanisani. Alimlisha Sofia kwa mkono wake, akamwogesha, akamsukia kikapu kidogo cha matobolwa na kukijaza kila asubuhi bila kuuliza ya jana yamekwenda wapi. Sofia alimng'ata. Alimwaga uji makusudi, kisha akamtazama usoni kuona kama sasa atafukuzwa. Mama alipangusa uji, akapakua mwingine. Habari za uvumilivu nilikuwa nimefundishwa shule ya Jumapili. Sura ya uvumilivu wenyewe niliiona pale, ikiwa na majivu kwenye viganja.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, shangazi yangu alifika kutoka Igunga kumchukua mtoto. Aliingia uani amefungua mikono. "Njoo mwanangu! Mbona huniamkii?" Sofia alirudi nyuma. Akakimbilia nyuma ya Mama, akajiviringisha kwenye khanga yake, akapiga ukelele uliowatoa watu wote ndani.

"Ee! Wifi, umemharibu huyu mtoto. Alikuja kwako na adabu zake!"

Mama alicheka mpaka akaketi katikati ya viazi, machozi yakimtoka. "Nimemharibu, wifi. Usimkasirikie. Atakuamkia kesho."

Mguu wa Baba ulikuwa umesimama juu ya pedali ya cherehani. "Dada," alisema hatimaye, "karibu chai. Mtoto haendi." Mama Zaina akatoka na kisu chake, akaketi mkekani, akaanza kumenya viazi.

Sofia sasa ana wajukuu wake. Nami ninamtazama binti yangu Neema akimlea Imani, mtoto aliyemchukua baada ya kupita mikono mingi kama ile. Daktari alitueleza kwamba Imani ana tatizo la kushindwa kujenga ukaribu na mlezi, akashauri kwamba kwa sasa chakula, kuogeshwa na kubembelezwa vitoke kwa mama yake tu. Nashukuru kwamba Neema ameambiwa si kosa lake. Mama hakuwa na wa kumwambia hivyo. Lakini nyumba ya Neema ina ukuta na geti, na hakuna jirani wa kugombana naye wala wa kuja na kisu siku ya kupatana. Kwa hiyo naenda mimi. Nafagia, nafua, nachambua mchele, na mtoto simgusi, jambo gumu kuliko yote kwa bibi.

Juzi Imani aliniletea kikombe kitupu. "Bibi, uji." Sufuria ilikuwa karibu na mkono wangu. Nikamwambia, "Mpelekee mama." Alinitazama kama mtu aliyenyimwa. Moyo wangu uliuma, nami sikuunyoosha mkono. Kisha akageuka, akaenda kwa mama yake, na mimi nikaendelea kuosha vyombo.