Papai lenye P

Leo nimeikatia simu sauti ya bosi wangu, na kilichoniokoa ni papai.

Mimi ni wakili wa kampuni ya mifugo hapa Garissa. Asubuhi namba ngeni ikapiga.

"Asalaam aleikum, wakili. Niko Modogashe, simu yangu imezima. Nitumie ile faili ya wateja, yenye vitambulisho vyao."

Sauti ni ya bosi kabisa. Hata kile kikohozi chake.

Lakini siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu, kwa hiyo ofisini tuna neno la siri. Nikamuuliza.

"Papai," akajibu.

Sahihi! Nikaanza kuitafuta faili.

Halafu nikashtuka. Papai?

Bosi ni mtu wa Buna, na lugha ya kwao haina p. Tangu nimjue, hajawahi kutamka p. Kwake pesa ni besa, na papai ni babai. (Hata mimi nikikasirika p inanitoroka, msinicheke.)

Nikakata simu. Huyu neno letu amelisoma mahali.

Nikampigia bosi kwa namba yake ya kawaida.

"Wallahi mimi sijabiga simu," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini ile neno niliandika kwa grubu ya ofisi, watu wasisahau."

Grubu ambayo hata walioacha kazi bado wamo!

Sasa tuna neno jipya. Tumepeana kwa mdomo, ana kwa ana.

Nyinyi je, neno la siri la ofisini kwenu ni lipi?

Ukiliandika hapa chini, wewe na bosi wangu ni ndugu.